Mpanda Ngazi Hushuka

Wazee wetu walisema kuwa mpanda ngazi hushuka. Methali hii haimkatazi mtu kuitamani ngazi, wala haimlaumu aliyekwisha kufika juu. Yatukumbusha neno moja tu: kwamba kupanda na kushuka ni safari moja, na aliyeikubali nusu ya kwanza amekwisha kuikubali nusu ya pili. Katiba za nchi nyingi zimelishika neno hilo na kuliandika kwa hesabu. Zamwambia rais kuwa atatawala vipindi viwili, kila kimoja cha miaka 4 au 5, kisha atampisha mwingine. Swali ninalotaka tulipime pamoja, kijana msomaji, ni hili: mpaka huo ukiondolewa, nchi hugeuka vipi?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kumtazama rais aliyeko. Wanaompenda husema kuwa ni kiongozi mwema, basi na aendelee. Wasiompenda husema kuwa ni mbaya, basi na aondoke. Majibu hayo yanapingana, lakini yote mawili yana kasoro moja, maana yanapima mtu mahali palipotakiwa kupimwa kanuni. Naona kuwa mpaka wa utawala uliwekwa kwa ajili ya rais, na zaidi kwa ajili ya wale wanaomzunguka: waziri, mbunge, hakimu, askari, mwalimu, na kijana ambaye bado hajapiga kura ya kwanza. Ukiuondoa, rais mwenyewe huenda asigeuke sana siku ile. Wanaogeuka upesi ni hao wengine.

Ili tusizungumze hewani, tuichukue nchi moja iwe mfano wetu. Nimeichagua Uganda, kwa sababu ni jirani yetu na mambo yake yalitendeka hadharani.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Rais wake wa kwanza, Kabaka Mutesa wa Pili, aliikimbia nchi mwaka 1966 baada ya jeshi kulivamia jumba lake. Milton Obote alipinduliwa na Idi Amin mwezi wa Januari 1971. Amin naye alifukuzwa kwa vita mwezi wa Aprili 1979. Yusuf Lule akashika kwa muda wa miezi miwili hivi, akaondolewa. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa mwaka 1980. Obote alirudi, akapinduliwa tena mwezi wa Julai 1985. Tito Okello aliyefuata akaangushwa mwezi wa Januari 1986, na Yoweri Museveni akaingia kwa nguvu ya jeshi lake la msituni. Hesabu majina hayo, kisha utafute mmoja aliyetoka Ikulu kwa hiari yake na kumkabidhi nchi mtu aliyechaguliwa na raia. Hutampata.

Watu walioyaona mateso hayo ndio waliotunga katiba ya mwaka 1995. Tume iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilikuwa imetembea nchini ikikusanya maoni ya wananchi, kisha wajumbe waliochaguliwa mwaka 1994 wakayajadili kifungu kwa kifungu. Katika ibara ya 105 waliandika kuwa hakuna mtu atakayekuwa rais kwa zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Maneno hayo yalikuwa machache, lakini yalibeba uchungu wa miaka mingi. Ni kama kwamba walisema: watawala wetu wote wametoka kwa kusukumwa, sasa na tumtengenezee mtawala mlango wa kutokea, ili asihitaji kusukumwa tena.

Rais Museveni alichaguliwa chini ya katiba hiyo mwaka 1996 na tena mwaka 2001. Katika kuomba kura za mwaka 2001 alitangaza kuwa kile kingekuwa kipindi chake cha mwisho. Lakini watungaji wa katiba walikuwa wameacha upenyo. Vifungu vingine vikubwa havikuweza kubadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi wote, ilhali kifungu cha vipindi viwili kiliweza kubadilishwa na theluthi mbili za wabunge peke yao. Mwaka 2005 wabunge walikiondoa. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kuwa kila mbunge alipewa shilingi 5,000,000 za Uganda kabla ya jambo hilo kukatwa. Rais akagombea tena mwaka 2006, na 2011, na 2016, na 2021, na kila mara akatangazwa mshindi.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Serikali ya Museveni ilirudisha utulivu katika sehemu nyingi zilizokuwa zimechoshwa na bunduki, ingawa kaskazini vita viliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1997 ilianzisha elimu ya msingi isiyo na karo, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Ilizungumza waziwazi juu ya UKIMWI wakati ambapo serikali nyingine zilikuwa zikificha. Hatuutazami mfano huu, basi, kwa sababu tumempata mtawala asiye na wema wowote. Twautazama hasa kwa sababu wema ulikuwako. Kama kanuni ina kazi hata anapotawala mtu mwenye sifa, basi yafaa tuijue kazi hiyo.

Badiliko la kwanza huonekana katika mashauri. Fikiri juu ya kiranja mkuu wa shule. Viranja wadogo wanajua kuwa mwaka ukiisha atavua beji na kuwa mwanafunzi kama wao. Kwa hiyo wanaweza kumwambia, "Hapa umekosea," na urafiki ukabaki. Sasa fikiri kuwa imetangazwa kwamba kiranja huyo hatavua beji kamwe, naye ndiye atakayeamua nani awe kiranja mdogo mwaka ujao na nani asiwe. Je, nani atamwambia amekosea? Hajapiga mtu, hajatisha mtu, na labda moyo wake ni mwema kama jana. Lakini maneno yanayomfikia yamekwisha kugeuka. Waziri yu katika hali hiyo hiyo. Palipo na mpaka anajua kuwa baada ya siku fulani atabaki na raia wenzake na jina lake. Pasipo mpaka, kesho yake yote imo mkononi mwa mtu mmoja.

Eriya Kategaya alikuwa rafiki wa Museveni tangu utotoni. Walisoma pamoja, wakapigana pamoja, na mwaka 2003 alikuwa naibu wa kwanza wa waziri mkuu. Alipinga waziwazi fikira ya kuondoa vipindi viwili. Mwezi wa Mei mwaka huo aliachwa nje ya baraza la mawaziri, pamoja na Bidandi Ssali na Miria Matembe, ambao nao walikuwa wameipinga. Baadaye, mwaka 2006, Kategaya alirudi serikalini, na alikuwa waziri hadi alipofariki mwaka 2013. Mimi simhukumu. Nauliza tu: mawaziri waliobaki walijifunza nini walipomwona rafiki wa utotoni akitolewa? Hakuna aliyehitaji kuwapa somo. Somo lilikuwa limekwisha kuandikwa ubaoni.

Badiliko la pili hulikumba jina la sheria yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya vipindi viwili kuondolewa, kilibaki kizuizi kimoja: katiba ilisema kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 75 hawezi kugombea urais. Kwa kuwa Rais alizaliwa mwaka 1944, kizuizi hicho kingemfungia njia katika uchaguzi wa 2021. Mwezi wa Septemba 2017 mswada wa kukiondoa uliletwa Bungeni. Wabunge walipigana ngumi, viti vikarushwa, na watu wa usalama wakaingia ndani ya ukumbi na kuwatoa wabunge kwa nguvu. Tarehe 20 Desemba mswada ulipita kwa kura 317 dhidi ya 97.

Lakini tazama jambo lililofanyika katika mswada huo huo. Wabunge waliongeza na muda wao wenyewe, kutoka miaka 5 hadi 7, bila kurudi kwa waliowachagua. Mwezi wa Julai 2018 mahakama ya katiba, iliyoketi mjini Mbale, iliufuta muda huo wa nyongeza, lakini ikakubali kuondolewa kwa kizuizi cha umri. Hapa pana funzo kubwa kuliko siasa. Mtu akimsaidia mkubwa wake kuvuka ua, mara huona kuwa ua ule hauna maana hata kwake. Uchu wa kubaki huanzia kileleni, kisha hushuka kama maji ya paa mpaka kwa mwenyekiti wa chama kidogo cha ushirika kijijini.

Badiliko la tatu huwapata vijana. Raia wengi wa Uganda wamezaliwa baada ya Januari 1986. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule alitimiza miaka 30 mwaka 2016. Amekwenda shule, ameoa, amepata watoto, naye hajapata kumwona rais mwingine. Kijana mwenye akili na hamu ya kuitumikia nchi afanye nini? Njia zilizo mbele yake ni tatu. Anaweza kusifu, ili apate nafasi. Anaweza kunyamaza, ili apate usalama. Anaweza kugombana, na kupata yatakayompata. Njia ya nne, ambayo ni kungoja tarehe inayojulikana huku akijitayarisha, akitunga fikira zake na kuwashawishi wenzake, hiyo ndiyo iliyofungwa. Na watu wakinyimwa tarehe na sheria, huanza kutafuta tarehe nyingine kwa siri: siku ya maradhi, siku ya kifo, siku ya bunduki. Nchi inayongoja siku kama hizo haiwezi kusemwa kuwa imetulia, hata barabara zake zikiwa shwari.

Badiliko la nne ni la mtawala mwenyewe, na hili wengi hulisahau. Twadhani kuwa mtu asiye na mpaka ni huru kuliko wote. Kwa kweli amefungwa. Wote wanaokula kwa sababu yake hawawezi kumruhusu aondoke, kwa kuwa siku ya kutoka kwake ni siku ya njaa kwao. Maadui aliojipatia kwa kukaa humtisha kuliko wale aliojipatia kwa kutawala. Kila mwaka anaoongeza huufanya mlango uwe mwembamba zaidi. Linganisha na Tanzania. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Ali Hassan Mwinyi alitawala vipindi viwili, akatoka mwaka 1995, akaishi kwa heshima hadi alipofariki mwaka 2024. Benjamin Mkapa alitoka mwaka 2005, na Jakaya Kikwete mwaka 2015. Rais wa Tanzania anapofika mwisho wa kipindi cha pili, haoni shimo mbele yake. Aona njia iliyokwisha kukanyagwa na nyayo za wengine.

Kenya nayo yaijua njia hiyo. Sheria ya vipindi viwili iliingia katika katiba yetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rais Moi, aliyekuwa ameshika nchi tangu 1978, alifika mwisho wa hesabu hiyo mwaka 2002. Tarehe 30 Desemba mwaka ule, katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alimkabidhi madaraka Mwai Kibaki, aliyekuwa amemshinda mgombea wa chama chake. Kibaki akatoka mwaka 2013, na Uhuru Kenyatta akatoka mwaka 2022. Mambo haya yamekuwa ya kawaida kwetu hata hatuyashangai tena. Huko kutoshangaa ni mali kubwa, na hakukupatikana kwa urahisi.

Sasa tuwasikilize wenye hoja nyingine, maana mwenye haki haogopi kusikiliza. Wa kwanza husema: kama wananchi wampenda kiongozi, kwa nini sheria iwazuie kumchagua? Je, huko si kuwanyang'anya uhuru? Hoja hii ina uzito, na yafaa ijibiwe kwa adabu. Uhuru wa kuchagua wahitaji mizani iliyo sawa. Mtu aliyekaa miaka 20 huwa amewateua majaji, makamanda wa polisi na wasimamizi wa uchaguzi. Kura zinapohesabiwa, mshindani mmoja huwa ndiye aliyewapa kazi wenye kuhesabu. Hata kama hakuna aliyetenda hila, ni nani atakayeamini? Mpaka humzuia mtu mmoja asichaguliwe, ili mamilioni waweze kuchagua bila shaka moyoni.

Wa pili husema: uzoefu ni mali, na ni upumbavu kumtoa nahodha katikati ya tufani. Watatoa mfano wa Marekani, ambako Franklin Roosevelt alichaguliwa mara nne, mwaka 1932, 1936, 1940 na 1944, akaiongoza nchi yake katika ufukara na vita. Kweli. Lakini tazama Wamarekani walifanya nini baadaye. Tangu George Washington alipokataa kugombea mara ya tatu, walikuwa wakiishi kwa desturi isiyoandikwa. Desturi ilipovunjwa na mtu waliyempenda, waliiandika katika katiba yao, na kufikia mwaka 1951 ikawa sheria. Hawakuiandika kwa chuki. Waliona kuwa mlango uliofunguliwa na mtu mwema waweza kupitwa na mtu mbaya.

Wa tatu husema: Uingereza haina mpaka wa namna hiyo, mbona haijaharibika? Jibu ni kwamba waziri mkuu wa Uingereza ana mpaka wa namna nyingine. Margaret Thatcher alishinda uchaguzi mkuu mara tatu. Lakini mwaka 1990 wabunge wa chama chake mwenyewe walimwacha, naye akalazimika kujiuzulu katika siku chache, bila risasi wala maandamano. Palipo na watu wenye uwezo wa kumwambia mkubwa, "Sasa yatosha," kalenda haihitajiwi sana. Palipokosekana watu hao, kalenda ndiyo sauti peke yake iliyobaki ya kuyasema maneno hayo.

Wala nisikudanganye, msomaji, kuwa mpaka wa vipindi ni dawa ya kila ugonjwa. Kenya ilikuwa na mpaka huo mwaka 2007, na bado watu zaidi ya 1,000 walikufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Burundi nayo ilikuwa nao; mwaka 2015 Pierre Nkurunziza aligombea mara ya tatu kwa kudai kuwa kipindi chake cha kwanza hakihesabiwi, na mamia ya maelfu ya raia wakakimbilia Tanzania na nchi nyingine. Mpaka haumfanyi mtawala awe mwaminifu. Unalofanya ni dogo na la thamani: humfanya mtawala mbaya awe balaa lenye mwisho, na humfanya mtawala mwema aache urithi ulio mkubwa kuliko matendo yake, yaani mfano wa kutoka.

Katiba yetu ya mwaka 2010 ililitambua jambo hili. Ibara ya 142 yasema vipindi viwili, na ibara ya 255 yasema kuwa muda wa urais hauwezi kubadilishwa na Bunge peke yake. Ni lazima wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Yaani upenyo ulioachwa Uganda mwaka 1995, sisi tuliuziba. Mwaka 2024 ulipoletwa katika Seneti mswada wa kufanya kila kipindi kiwe cha miaka 7, wananchi kwa wingi walipeleka maoni ya kuupinga. Ua ulisimama kwa sababu walikuwako watu wa kuulinda.

Lakini ulinzi wa namna hiyo haurithiwi kama shamba. Kila kizazi hupewa mtihani wake, na mtihani huo hauji siku anapotawala mtu usiyempenda. Siku hiyo kila mmoja ni mpenzi wa katiba. Mtihani huja siku anapotawala mtu wa kabila lako, wa dini yako, aliyejenga barabara ya kwenu na kumpa kazi ndugu yako. Siku hiyo utaletewa karatasi, nawe utakuwa umekwisha kutimiza miaka 18. Juu yake patakuwa pameandikwa maneno mazuri juu ya kazi ambazo hazijamalizika, na chini pataachwa nafasi ya sahihi yako. Aliyeileta atakuwa rafiki yako, naye atakungoja huku ameshika kalamu.

Ukimpenda sana mtu aliye juu ya ngazi, mshikie ngazi ashuke salama.